Gundi ya Unga wa Ngano

Mdogo wangu mpendwa, Chiriku wa mama,

Salamu hizi zikukute umeketi mbele ya dirisha lako la kutungia nyimbo, kifua kimetulia na chai iko karibu. Shemeji hajambo? Nasikia magoti yanamsumbua na bado anakataa fimbo. Mwambie shemeji yake mkubwa anatembelea fimbo mbili na aibu haijamuua. Wanangu nao, yule daktari wa meno na yule ambaye hadi leo hajajua anataka nini duniani, wasalimie kila mmoja kwa kipimo chake.

Mimi nipo. Moyo umechoka, na miaka themanini na minne si haba. Daktari alinieleza juzi kwa kuzunguka sana, mpaka nikaona nimsaidie kufika. Nikamwambia nimefundisha hesabu miaka thelathini na mitatu, kutoa najua. Akacheka, halafu akaona hakupaswa kucheka, akaanza kuandika. Binti yangu ananitunza vizuri, ila uji wake ni mzito kama deni la jirani. Usije kwa sababu ya habari hizi. Soma kwanza barua mpaka mwisho, halafu uamue kama unataka kuja.

Utauona mwandiko. Wapigaji wa okestra walikuwa wakisema mtu akipiga kutoka kwenye karatasi zangu hahitaji miwani. Leo herufi zinalala kama mahindi baada ya mvua ya mawe, na hii ni siku ya sita naandika barua moja.

Barua yako ilifika. Umeniambia wachapaji wanataka kutoa kazi zako zote katika vitabu vizuri, kwamba cha kwanza kitakuwa *Ngazi*, na kwamba katika utangulizi unataka kurasa mbili kutoka kwangu juu ya Mzee Kijiti, mwongozaji wetu wa okestra, na namna alivyokata kilele cha wimbo ule, kwa kuwa mimi ndiye pekee niliye hai kati ya waliokuwa ukumbini siku ya mazoezi. Ukasema wachapaji wanasubiri hadi mwisho wa mwezi. Nimeketi na ombi hilo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe. Nitakujibu. Ila niache nizunguke kidogo kama yule daktari.

Unaikumbuka piano ya ukumbi wa shule, ile ambayo baba akiwa mtunzaji wa jengo alikuwa akiifungua Jumapili ili aipanguse vumbi? Ilikuwa na vibao kumi na kimoja vilivyokufa. Nilivihesabu mimi. Ulikuwa na miaka mitano, miguu haifiki chini, na ulikuwa unasema tangu unaamka hadi unalala, ndiyo maana mama akakuita Chiriku. Mbele ya piano ile tu ndipo uliponyamaza. Ulikuwa ukipiga vijiwimbo vyako, na kidole kikifika kwenye kibao kilichokufa hukikwepi. Unakibonyeza, unasubiri muda wake wote, halafu unaendelea. Nilikuuliza kwa nini usikiruke, maana hakilii. Ukanijibu, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mjinga, kwamba kinaimba, ila kinaimba kwa ndani. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua kila kitu, kwa hiyo nilicheka. Mdogo wangu, siku hizi nikilala nakiona kile kidole.

Halafu ukaenda chuo, ukarudi na sanduku la karatasi na nywele fupi. Onyesho lako la kwanza tulihudhuria watu kumi na wanne, na kati yao sita walikuwa wa nyumbani. Mjomba alilala mwanzo mpaka mwisho, akaamka akakupongeza kwamba tangu aanze kuzeeka hajapata usingizi mtamu namna ile. Mama, alipoambiwa yule mrefu mwenye kijiti mkononi ndiye kondakta, aliuliza kwa heshima kabisa kama basi linaondoka saa ngapi. Tulicheka hadi barabarani. Lakini nilipofika kwangu nilishindwa kula. Kulikuwa na mahali katika wimbo ule ambapo fidla nne zilishuka pamoja, na nilihisi mtu amefungua mlango nyuma ya shingo yangu. Sikujua kwamba kitu kama hicho kinaweza kutoka katika kichwa nilichokisuka mimi.

Ndiyo sababu nikaomba niwe mnakili wako. Unaijua kazi hii, ila niandike, maana ndani yake ndimo jambo langu limekaa. Mtunzi anaandika kitabu kikuu, ambamo mistari ya vyombo vyote imepangwa mmoja juu ya mwingine, na mwongozaji wa okestra anasoma humo. Mpigaji hapewi kitabu hicho. Anapewa mstari wake tu, na anayeutoa humo ni mnakili, ukurasa baada ya ukurasa. Mnakili hasikilizi wimbo. Anafuata mstari mmoja kama mtu anayefuata uzi mweusi katika shuka la rangi nyingi, akimaliza anarudi mwanzo na kushika uzi mwingine. Mwishoni anahesabu vipimo vya kila mpigaji, yaani vile visehemu vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari ya wima. Hesabu zikikubaliana, anaosha kalamu na kulala. Nilipomaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, meza ileile ikawa yako. Na nilikugombeza mara ngapi utie namba kwenye kurasa? Ulisema muziki unajua unakokwenda.

Mwaka ule mama alipofariki hukulia msibani. Watu walisema. Miezi kumi na mmoja baadaye ukanionyesha *Ngazi*. Ulinieleza kwamba ni mama anapanda lile jengo la ghorofa sita alilokuwa akisafisha, na ndoo yake, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka anatokeza juu ya paa kwenye kamba za kuanikia, na tarumbeta na ngoma zinapiga kama mashuka mia katika upepo. Kisha vipimo vitatu vya kimya, kisha filimbi moja peke yake. Sote tulijua kwamba mama hakufika juu siku ile. Walimkuta kwenye kona ya ghorofa ya tano, ndoo iko wima, haikumwagika hata tone. Ulisema ndiyo maana umemwandikia paa. Miezi yote ile nilisikia tarumbeta hizo kupitia ukutani, ukizigonga kwenye piano, na nikawa naacha kufua nisimame.

Kisha kifua chako kikaugua, wakakutenga katika wodi ile ya mwisho. Siku thelathini na moja kabla ya onyesho ukanipa kitabu kikuu kupitia kwa muuguzi. Hukuwapo kwenye mazoezi. Hukuwapo kwenye onyesho. Kilichotokea usiku wa onyesho ulikuja kukisoma magazetini baadaye kama watu wengine: kwamba wimbo ulipanda ghorofa baada ya ghorofa hadi watu wakashika viti, na pale ambapo kila sikio lilikuwa limejiandaa kwa kilele, ukakatika. Kimya. Kisha filimbi. Mwanamke mmoja safu ya mbele alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwambia jirani, kwamba ameanguka. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za mama. Filimbi ilipomaliza, fundi cherehani aliyekuwa anapiga fidla kubwa alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Jumamosi iliyofuata nilisimama chini ya dirisha la wodi, kama kila Jumamosi, tukapigiana kelele kupitia kioo. Ukaniuliza kama tarumbeta zilimudu paa. Nikakujibu kwamba Mzee Kijiti amelikata, kwamba alisema wimbo una nguvu zaidi bila paa. Nilidhani utalia au utatukana. Ukaweka kiganja kwenye kioo, ukakaa hivyo, halafu ukasema maneno ambayo ilibidi niyasome midomoni, kwamba ni kweli, mama hakufika. Kwamba wewe ulimdanganya mama kwa tarumbeta na mzee amekurudisha kwenye ngazi. Siku kumi na tisa baada ya onyesho, Mzee Kijiti alifariki akifunga kamba za viatu. Hamkuonana tena.

Yaliyofuata dunia inayajua. Kumbi ambazo mlinzi wake wa mlangoni amevaa vizuri kuliko bwana harusi. Kazi kubwa tisa, na katika kila moja kuna mahali unapotuongoza mpaka mlangoni, halafu unatuacha tusimame hapo na mioyo yetu. Nimenakili zote mpaka vidole vilipokataa. Nimeona wanaume wazima wakitoka ukumbini wakitembea polepole kama wamebeba maji kichwani. Sijawahi kuzoea. Kila ulipoleta kitabu kipya nilinawa mikono kwanza, na si kwa sababu ya usafi.

Ila kuna jioni moja, ile uliyopewa nishani. Wageni waliondoka, tukabaki jikoni, wewe unaosha vyombo na nishani bado shingoni, mimi nafuta. Nikakutania kwamba nishani itaingia kutu. Hukucheka. Ukaniambia kwamba wanapopiga makofi unasikia kalamu ya Mzee Kijiti ikikata. Kwamba mahali pazuri kuliko pote ulipopata kuandika si pako, ni pa mtu aliyekusahihisha, na miaka yote hii unatunga ili siku moja uwe unastahili sahihisho lile. Ukasema unawaambia hivyo wanafunzi wako wote, wasije wakajivuna. Nilikuwa nimeshika sahani ya bluu. Niliifuta mpaka ikapiga kelele.

Basi, Chiriku, nimefika ghorofa ya tano.

Mzee Kijiti hakukata kitu.

Ukiwa wodini ulinitumia kipande cha karatasi chenye marekebisho ya mstari wa wapuliza pembe, ukaniagiza nikibandike juu ya mstari wa zamani. Nilipika gundi ya unga wa ngano kama siku zote. Nadhani niliipika nyepesi. Nilikuwa nimechoka, na mawazo yalikuwa kwako. Nikabandika, nikafunga kitabu, nikakilaza chini ya pasi ya baba ili kikauke kimenyooka. Gundi ikatoka pembeni ya kipande, ikashika ukurasa ule na ule uliokuwa unautazama. Kurasa mbili zikawa karatasi moja nene, na paa la mama likabaki katikati. Nilinakili wapigaji thelathini na wanane, na mara thelathini na nane niliifunua karatasi ile kama moja. Hakukuwa na namba za kurasa za kunishtua. Nilihesabu vipimo, hesabu zikakubaliana zote. Zilikubaliana katika kosa. Mwalimu wa hesabu mzima.

Nilijua siku ya mazoezi ya mwisho. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu na penseli yangu, nikingoja tarumbeta nilizozisikia ukutani mwaka mzima. Wapigaji wakapanda, wakapanda, na badala ya paa, kimya. Mwongozaji mwenyewe alikuwa anasoma kitabu kilekile kilichoshikana, kwa hiyo hakuna aliyejikwaa. Walipomaliza, Mzee Kijiti akaniita mbele ya wote. Unajua alivyokuwa, aliwagombeza wapiga ngoma kama shemeji zake. Safari hii aliuliza polepole. Aliuliza kama ndivyo binti alivyoandika.

Nilikuwa na muda wa kusema hapana. Onyesho lilikuwa kesho yake jioni. Angeweza kuliahirisha, na angeniita majina ya kila mnyama, na basi. Lakini miaka yote walikuwa wakisema karatasi zangu hazina kosa. Sikuwa na kitu kingine ambacho watu walikuwa wakikisifu. Nikamwambia ndivyo.

Akavua miwani. Akasema amewaongoza watunzi waliokufa na walio hai, na hajaona mwenye ujasiri kama huyu. Akanigeukia akaniambia nikuambie kwamba yeye, kwa uzee wake, asingethubutu. Mdogo wangu, maneno hayo sikukufikishia. Yalikuwa yako na nikayakalia miaka arobaini na moja.

Yeye akafa akikuheshimu wewe kwa jambo ambalo hukulifanya, na wewe ukaishi ukimheshimu yeye kwa jambo ambalo hakulifanya, na katikati nilisimama mimi na penseli. Baada ya onyesho alitaka sana kukuona. Alikuja kwangu mara mbili, mara ya pili ana mfuko wa machungwa. Nilimwambia madaktari hawaruhusu mtu. Sikumwambia habari ya dirisha. Machungwa nilikuletea, nikasema ni kutoka kwa jirani. Uliyasifu. Hilo la machungwa ndilo linaloniamsha alfajiri, kuliko yote.

Ulipotoka wodini na kuulizia kitabu kikuu, nilisema kimepotea pamoja na vitu vya marehemu, nikaandika kingine kutoka kwenye karatasi za wapigaji, na ndicho kinachotumika hadi leo. Cha kwanza hakikupotea. Kipo ndani ya foronya, chini ya godoro langu. Kurasa zile sikuzitenganisha. Niliinua pembe moja tu kwa wembe, nikaona wino wa tarumbeta, nikaishusha.

Kwa hiyo siwezi kukuandikia kurasa mbili juu ya hekima ya Mzee Kijiti. Naogopa utakachofikiri ukifika hapa: kwamba zamani ulidhani pale pazuri ni pa bwana mkubwa, na sasa unaona ni pa gundi. Nimelitazama jambo hilo kwa muda mrefu kuliko wewe, na nakuomba unisikilize, maana sitaweza kulirudia. Gundi haikusikia kitu. Mimi niliyekuwa ukumbini nilisikia kosa langu tu. Mzee alisikia ujasiri. Wewe uliyekuwa umefungiwa nyuma ya kioo, bila hata sauti moja ya fidla, ulisimuliwa kwa kelele kutoka barabarani, ukaweka kiganja, na ukajua papo hapo kuna nini mle ndani. Ungeweza kusema paa lirudishwe. Kwa nilivyokuwa nimeogopa, ningelirudisha usiku uleule. Ulisema ni kweli. Hakuna aliyekusahihisha. Yule mtoto alikuwa amefika kwenye kibao kilichokufa na hakukikwepa, akasubiri muda wake wote.

Nimeishi maisha yangu karibu na kitu kikubwa, Chiriku, na mchango wangu humo ni kosa moja na uongo wa kulifunika. Sikuombi uniambie si neno. Ni neno. Nakuomba tu uache kulipa pasipo na anayekudai.

Sasa wachapaji wanasubiri. Binti yangu atakuletea foronya Jumatano kwa mkono wake, nimemwambia asiiache kwa mtu. Kuna wimbo ambao mama anabaki kwenye kona ya ghorofa ya tano, na dunia nzima inaujua. Kuna mwingine ambao anafika juu, na haujapigwa hata mara moja. Ukichapa huu au ule, au ukizichapa zote mbili na kuandika utangulizi unaosema dada yako alipika gundi mbaya, mimi nimeridhia, na jina langu litumie upendavyo. Uamuzi ule wa kwanza niliuficha ndani ya jina la mtu mwingine. Huu ufanye ukiwa unajua.

Ukiamua kuzifungua, usitumie maji, wino utakimbia. Tumia mvuke wa birika, mbali kidogo, na kisu chembamba, uanzie pembe ya chini kulia niliyoinua mimi. Gundi ya unga hulainika taratibu. Usimpe kazi hiyo fundi wa wachapaji hata akisema ana shahada.

Nisalimie shemeji, na wanangu wote wawili, na yule paka asiyenipenda. Mwambie yule asiyejua anachotaka kwamba shangazi yao wa hesabu, samahani, mama yao mkubwa, mkono umechoka hata naanza kukosea ukoo, anasema asiogope kuchelewa. Ziko familia ambazo mambo yao mazuri yalitoka mahali pasipotarajiwa. Ukija, njoo asubuhi, wakati ambapo bado nasikia vizuri. Na ukizifungua zile kurasa, kabla hujamwonyesha mtu yeyote, nipigie tarumbeta hizo kwenye piano ya binti yangu. Ina vibao vitatu vibovu. Nitazifahamu.

Ni mimi dada yako aliyekusuka nywele,
Mnakili